Maswali ya Wasomaji: Ushuru wa 2025 Unapunguzwa Sasa, Si Juni Ijayo

Dirisha la ritani za mapato ya 2024 lilifungwa tarehe 30 Juni 2025, na barua zilizotufikia tangu hapo zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mbona nimelipa kiasi hiki, na mwaka huu nifanyeje? Ritani yenyewe haipunguzi ushuru. Inaandika tu yale uliyokwisha kufanya kati ya 1 Januari na 31 Desemba. Malipo ya pensheni, bima au riba ya mkopo wa nyumba huhesabiwa katika mwaka yalipolipwa, kwa hiyo mwenye kutaka ushuru mdogo wa 2025 ana kuanzia sasa, Julai 2025, hadi Desemba. Ikifika Juni 2026 atakuwa anajaza fomu tu.

Viwango vya Kenya vya 2025 viko hivi, maana majibu yote yanavitegemea. Kwa mwezi, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo hadi Sh500,000 asilimia 30. Kutoka hapo hadi Sh800,000 ni asilimia 32.5, na juu yake asilimia 35. Ushuru ukishapatikana, kila mkazi hupunguziwa Sh2,400 kwa mwezi, yaani Sh28,800 kwa mwaka. Hiyo ndiyo nafuu ya binafsi.

SWALI: Mshahara wangu ni Sh100,000 kabla ya makato. Rafiki yangu wa kampuni nyingine analipwa kiasi hicho hicho lakini PAYE yake, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ni ndogo kuliko yangu kwa zaidi ya elfu moja. Nani anakosewa? – Karani, Industrial Area

JIBU: Huenda ni wewe, na unaweza kuhakikisha kwa kalamu na slipu yako ya Juni. Tangu 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF (bima ya afya ya jamii) na ada ya nyumba za bei nafuu hutolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kupigwa. Zamani havikutolewa kwanza. Ada ya nyumba ilikuwa na nafuu ya asilimia 15 tu. Ofisi kadhaa za mishahara bado zinatumia mpangilio wa zamani.

Anza na Sh100,000. Toa NSSF, mchango wa lazima wa kustaafu, ambao kuanzia Februari 2025 hadi Januari 2026 ni Sh4,320 kwa mshahara wa kuanzia Sh72,000 kwenda juu. Toa SHIF ya asilimia 2.75, yaani Sh2,750. Toa ada ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani Sh1,500. Inabaki Sh91,430, na hiyo ndiyo inayotozwa ushuru. Sh24,000 za kwanza zinaleta Sh2,400, Sh8,333 zinaleta Sh2,083, na Sh59,097 zilizobaki kwa asilimia 30 zinaleta Sh17,729. Jumla ni Sh22,212. Ondoa nafuu ya Sh2,400 upate PAYE ya Sh19,812.

Slipu yako ikionyesha takriban Sh21,087, basi SHIF na ada ya nyumba hazijatolewa kabla ya ushuru, nawe unapoteza Sh1,275 kila mwezi. Tangu Januari hiyo ni Sh7,650. Ikionyesha karibu Sh20,860, wametumia ile nafuu ya zamani ya ada ya nyumba na unapoteza Sh1,050.

Mwandikie afisa wa mishahara, umwekee hesabu hii, na umwombe arekebishe kuanzia Julai na asahihishe ritani za PAYE za miezi iliyopita. Fanya hivyo kabla ya Desemba. Fomu P9, hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara na PAYE yako ya mwaka, ikishatolewa na makosa, itabidi udai pesa zako KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) kupitia ritani, na madai ya kurudishiwa hukaguliwa moja moja. Mwajiri anaweza kulimaliza ndani ya mwaka bila wewe kupanga foleni popote.

Jambo jingine limeongezwa na Sheria ya Fedha ya 2025: kuanzia 1 Julai, mwajiri anatakiwa kukupa nafuu zote unazostahili wakati anapokata PAYE. Ukiwa na bima ya maisha au mkopo wa nyumba, peleka vyeti ofisini sasa hivi. Mwajiri hawezi kuhesabu karatasi ambayo hajaiona.

SWALI: Mume wangu analipwa Sh180,000, mimi Sh30,000. Tuna watoto wawili shuleni. Tumepata Sh10,000 za kuweka akiba kila mwezi na tunataka zitupunguzie ushuru. Tuziweke wapi, na kwa jina la nani? – Mama wa wawili, Kasarani

JIBU: Kwanza tuondoe dhana moja: Kenya haina nafuu ya ushuru kwa ajili ya watoto wala karo. Karo unayoilipa mwenyewe haipunguzi chochote. Vilevile kila mmoja wenu ana PIN yake (namba ya mlipa ushuru), nafuu yake ya binafsi na ngazi zake za ushuru, na hapo ndipo jina linapokuwa na uzito.

Kwenye mshahara wako wa Sh30,000, ukitoa NSSF Sh1,800, SHIF Sh825 na ada ya nyumba Sh450, zinabaki Sh26,925. Ushuru wake ni Sh3,131. Baada ya nafuu ya binafsi unalipa Sh731 tu. Hata ukiweka Sh10,000 nzima kwenye pensheni, huwezi kuokoa zaidi ya hiyo Sh731. Mume wako yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, na Sh10,000 hiyo hiyo kwa jina lake inaokoa Sh3,000 kila mwezi.

Pensheni huondolewa kwenye mapato kabla ya ushuru hadi Sh30,000 kwa mwezi, mradi isizidi asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, na mradi mpango wenyewe uwe umesajiliwa. Wengi husahau kwamba NSSF imo ndani ya hiyo Sh30,000. Kama mume wako anakatwa NSSF Sh4,320 na, tuseme, Sh9,000 za pensheni ya kazini, nafasi iliyobaki ni Sh16,680. Sh10,000 zenu zinaingia bila shida. Njia rahisi ni kumwomba mwajiri akate mchango wa hiari kupitia mshahara, ili punguzo lionekane mwezi huo huo.

Bima huenda njia nyingine. Nafuu yake ni asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, ya afya, au ya elimu inayokomaa baada ya miaka 10 au zaidi, na kikomo ni Sh5,000 kwa mwezi. Sh10,000 za bima zinawarudishia Sh1,500, ambayo ni nusu ya pensheni. Mawakala wa bima ya elimu huitaja nafuu hii kwa sauti kubwa, lakini mara chache hutaja kwamba ukivunja mkataba kabla haujakomaa, kampuni hukata nafuu yote uliyowahi kupata kutoka kwenye pesa unazorudishiwa na kuipeleka KRA. Kama hamna hakika mtalipa miaka yote 10, msianze.

Pensheni nayo imefungwa. Malipo yake hayatozwi ushuru ukifika umri wa kustaafu uliowekwa na mpango, ukistaafu mapema kwa ugonjwa, au ukiwa mwanachama kwa miaka 20 na zaidi. Si mahali pa kuweka karo ya Januari.

Na hapa dada, tuseme wazi: hesabu ya ushuru inaelekeza akiba yote kwa mume, lakini mama asiye na akiba kwa jina lake amejiweka pabaya. Maoni yetu ni kwamba mume aongeze pensheni, na ile Sh3,000 inayookolewa kila mwezi iwekwe kwenye akiba yako wewe. Majina ya warithi kwenye fomu ya pensheni yaandikwe na yahakikiwe.

SWALI: Je, akiba ya Sacco inapunguza ushuru? Na bima ya afya ninayowalipia wazazi wangu kijijini? – Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Akiba ya Sacco ni nzuri kwa mambo mengine, ila haitolewi kwenye mapato kabla ya ushuru. Nafuu ya bima ni ya bima yako, ya mke au mume wako, au ya mtoto wako. Ya wazazi haimo. Ukiwa na mkataba mmoja unaowachanganya wote, omba kampuni itenganishe kiasi cha wazazi kwenye cheti cha mwaka, maana kudai jumla yote ni kudai kisicho chako.

SWALI: Niliacha kazi mwishoni mwa Mei. Nilikuwa nalipwa Sh100,000. Nikikaa hadi Desemba bila kazi, kuna chochote cha kudai? – Kijana, Donholm

JIBU: Kipo, na si kidogo. PAYE hukatwa kila mwezi kana kwamba utalipwa hivyo mwaka mzima, ilhali ushuru wenyewe ni wa mwaka. Miezi ambayo hukulipwa bado ina nafasi yake ya asilimia 10, ya asilimia 25 na nafuu yake ya Sh2,400. Kwa mtu aliyekuwa akifika ngazi ya asilimia 30, kila mwezi usio na mshahara una thamani ya Sh7,617.

Kwa hesabu yako: Januari, kabla NSSF haijapanda, PAYE yako ilikuwa kama Sh20,460, Februari hadi Mei Sh19,812 kila mwezi. Jumla Sh99,710. Mapato yako yanayotozwa kwa miezi hiyo mitano ni Sh459,310. Ukiyapigia viwango vya mwaka mzima, ushuru ni Sh75,193, na baada ya nafuu ya Sh28,800 unabaki Sh46,393. Umelipa zaidi kwa Sh53,317. Ukipata kazi tena Oktoba, hesabu ya miezi isiyo na mshahara inakuwa minne, na unachodai kinashuka hadi karibu Sh30,470.

Fuatilia P9 yako ya miezi hiyo mitano sasa, wakati bado wanakujua ofisini. Linganisha kiasi cha PAYE kilichoandikwa na slipu zako. Madai mengi hukwama kwa sababu mwajiri alikata pesa lakini jina au PIN ya mfanyakazi haikuingizwa sawasawa kwenye ritani ya PAYE, hivyo kwenye mfumo inaonekana hukukatwa. Kosa hilo mwajiri pekee ndiye awezaye kulisahihisha.

Hesabu hiyo hiyo inawageukia wale wenye waajiri wawili kwa wakati mmoja, mfano mwalimu anayefundisha pia chuo cha jioni kwa Sh40,000. Kila mwajiri akitumia ngazi zote na nafuu nzima, anakuwa amepewa mara mbili kile ambacho sheria inampa mara moja. Deni linakua kwa Sh7,617 kila mwezi, zaidi ya Sh91,000 kwa mwaka, na huonekana siku ya kujumlisha P9 mbili. Mwambie mwajiri wa pili kwa maandishi asikupe nafuu ya binafsi. Deni litashuka hadi Sh5,217 kwa mwezi. Kiasi hicho kitenge kila mwezi mahali usipopagusa. Kinatakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili 2026. Wengi hungoja 30 Juni wakidhani ndiyo siku ya kulipa. Hiyo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, na kufikia hapo faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi zimeshaanza.

SWALI: Mimi hufanya kazi za uchoraji wa kompyuta nyumbani. Wateja wengi wako nje ya nchi, wawili wako hapa Nairobi. Mwaka jana ushuru wangu ulikuwa Sh150,000. Mwaka huu kazi imeongezeka na natarajia faida ya Sh1,200,000. Sijalipa chochote bado. – Mchoraji, Roysambu

JIBU: Asiyekatwa PAYE hulipa kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Anayesamehewa awamu ni yule ambaye ushuru wake wa mwaka hauzidi Sh40,000. Awamu mbili zimekupita.

Faida ya Sh1,200,000 ina ushuru wa Sh268,600 baada ya nafuu ya binafsi. Lakini sheria inakuruhusu kupiga awamu kwa kiasi kidogo kati ya viwili: makadirio ya mwaka huu, au asilimia 110 ya ushuru wa mwaka jana. Chako cha mwaka jana kinatoa Sh165,000, kwa hiyo kila awamu ni Sh41,250 badala ya Sh67,150. Lipa sasa awamu mbili zilizopita, Sh82,500, pamoja na faini ya asilimia 5 ambayo ni Sh4,125, na riba. Kisha Sh41,250 Septemba na nyingine Desemba. Tarehe 20 za miezi hiyo miwili mwaka huu ni Jumamosi, basi maliza Ijumaa. Salio la Sh103,600 litangoja hadi 30 Aprili 2026, na ni lazima liwepo siku hiyo. Ukikisia kwamba kazi itapungua, tumia makadirio ya mwaka huu, ila yawe ya kweli.

Kulipa: ingia iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, fungua sehemu ya malipo, chagua ushuru wa mapato wa mtu binafsi, na aina ya malipo iwe ya awamu. Weka mwaka 2025, uchapishe hati yenye namba ya malipo, kisha lipa benki au kwa M-Pesa ukitumia namba hiyo. Kosa la kawaida ni kuchagua mwaka usio wake au kuchagua malipo ya ritani badala ya awamu. Pesa zinaingia, lakini kwenye shimo jingine, na deni lako linabaki palepale mpaka uombe zihamishwe.

Wateja wako wawili wa Nairobi wanapokulipa Sh24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata ushuru wa zuio wa asilimia 5. Huo si wa mwisho; unaupunguza kwenye deni lako. Angalia iTax leo kama vyeti vya zuio vimeingia kwa kila malipo ya Januari hadi Juni. Mteja anatakiwa kupeleka pesa hizo ndani ya siku 5 za kazi. Kama cheti hakipo, mwandikie sasa. Mwakani mhasibu wake atakuwa amefunga vitabu vya mwaka huu.

Gharama nazo: tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili ikubaliwe. Ukinunua vifaa Luthuli Avenue, toa PIN yako kabla ya kulipa, kwa sababu ankara isiyo na PIN yako ni vigumu kuihusisha nawe. Laptopu haitolewi yote kwa mara moja. Ni asilimia 25 ya bei yake kila mwaka kwa miaka minne, kwa hiyo ya Sh120,000 inakupa Sh30,000 mwaka huu. Ukiinunua Desemba badala ya Januari inayofuata, unapata sehemu ya kwanza mwaka mmoja mapema. Umeme na intaneti ya nyumbani gawanya kwa uaminifu, na uandike ulivyogawanya.

Usidanganyike kwamba unaweza kujiweka kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Malipo ya kazi za kitaalamu hayamo humo.

SWALI: Nina duka la vyombo vya plastiki. Nauza kama Sh150,000 kwa mwezi, na nikitoa mali, kodi ya duka na usafiri nabaki na Sh15,000. Nimeambiwa nilipe asilimia 3 ya mauzo. Si ni nyingi? – Mfanyabiashara, Githurai

JIBU: Kwako ni nyingi kweli. Mauzo yako ni Sh1,800,000 kwa mwaka, yaani kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni, kwa hiyo unaingia kwenye ushuru wa mauzo. Asilimia 3 ni Sh4,500 kwa mwezi, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni Sh54,000 kwa mwaka kutoka kwenye faida ya Sh180,000, karibu theluthi.

Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki kuwa kwenye utaratibu huo, ulipe ushuru wa faida kama watu wengine. Kama duka ndilo pato lako pekee, Sh180,000 kwa asilimia 10 ni Sh18,000, na nafuu ya binafsi ya Sh28,800 inaimeza yote. Ushuru wako ni sufuri.

Lakini usiandike barua hiyo kesho. Mtu anayelipa asilimia 3 haulizwi gharama zake. Anayelipa kwa faida lazima athibitishe kila shilingi aliyonunulia mali, kwa ankara za eTIMS. Wauzaji wa jumla wa Kamukunji na Nyamakima wakikupa vikaratasi vya mkono, na manunuzi yako yakakataliwa yote, Sh1,800,000 nzima itahesabiwa kuwa faida na ushuru wake ni Sh448,600. Huo ni mwisho wa duka.

Tunachokushauri ni kubaki kwenye asilimia 3 hadi Desemba, na kutumia miezi hii kujipima. Nunua kwa wauzaji wanaotoa ankara ya eTIMS yenye PIN yako tu. Kila jioni andika mauzo ya taslimu na ya till. Mwisho wa kila mwezi jumlisha ankara ulizo nazo dhidi ya pesa ulizotoa. Ikifika Novemba na pengo ni dogo, andika barua kabla mwaka wa mapato wa 2026 haujaanza, na uombe nakala iliyopigwa muhuri. Pengo likiwa kubwa, asilimia 3 ndiyo salama yako kwa sasa.

SWALI: Nimeajiriwa, na pia nina vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja Sh9,000. Bado nalipia mkopo niliojengea. Nitoe riba kabla ya ushuru? – Mwenye nyumba, Mwiki

JIBU: Kwenye ushuru wa kodi ya nyumba wa kila mwezi hutoi chochote. Ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, kwa wanaopata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Vyumba vyote vikiwa na watu, unalipa Sh4,050 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chumba kikiwa kitupu, hesabu kilichoingia tu, na mwezi ambao hakuna kilichoingia bado uwasilishe ritani ya sufuri.

Unaweza kumwandikia Kamishna uhamie kwenye ritani ya mwaka, ambako gharama hutolewa. Kwa mtu wa ngazi ya asilimia 30, hilo linafaa pale tu gharama zinapozidi asilimia 75 ya kodi. Kodi yako ya mwaka ni Sh648,000, hivyo riba, ukarabati, ada za kaunti na mengineyo yafike Sh486,000 kwanza. Malipo ya mtaji wa mkopo hayahesabiwi, ni riba tu. Kwa vyumba sita ni nadra kufika huko, labda miaka miwili mitatu ya mwanzo wa mkopo mkubwa.

Na ukishalipa asilimia 7.5, umemaliza. Usiiongeze kodi hiyo kwenye mapato ya ritani ya Juni. Wako wanaofanya hivyo na kulipa mara ya pili kwa asilimia 30.

SWALI: Tunajenga nyumba ya kuishi Kitengela kwa mkopo wa benki. Riba ya mwaka ni kama Sh420,000. – Familia, South B

JIBU: Kuanzia 1 Julai 2025 riba ya mkopo wa kujenga nyumba ya kuishi mwenyewe imewekwa pamoja na ile ya kununua au kukarabati. Kikomo ni Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi, kwa nyumba moja. Kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 30, kikomo kizima kinaokoa Sh108,000. Sh60,000 zilizozidi hazikupi kitu. Riba ile ile haidaiwi na wawili. Omba benki cheti kinachotaja kuwa mkopo ni wa nyumba na kinachotenganisha riba na mtaji. Waliojenga kwa mkopo wa mshahara ambao karatasi zake hazitaji nyumba watapata taabu kuthibitisha.

SWALI: Nataka kuuza ploti ya Juja kwa Sh2,000,000. Nilinunua Sh1,200,000. Ushuru ni kiasi gani? – Msomaji, Zimmerman

JIBU: Kwa bei hiyo hulipi: ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa chini ya Sh3 milioni imesamehewa ushuru huu. Ikizidi hapo, ni asilimia 15 ya faida halisi. Tuseme ungeiuza Sh3,200,000. Ukiwa na risiti za ushuru wa stempu, tuseme Sh48,000, na za wakili Sh40,000, gharama ya kununulia ni Sh1,288,000. Dalali wa kuuza akichukua Sh60,000, faida ni Sh1,852,000 na ushuru Sh277,800. Bila risiti hizo, unalipa kwa Sh2,000,000 nzima, yaani Sh300,000. Ushuru huu haungoji ritani ya Juni: unalipwa pesa zote zikishaingia au hati ikisajiliwa, lolote litakalotangulia. Wakili aliyekusimamia wakati wa kununua kwa kawaida bado ana faili yako. Mpigie kabla hujasaini mkataba wa kuuza, na umwombe nakala za risiti zote mbili.